Kona hukatwa kichwa chini: kufunga mikanda ya jipsamu kwa mikono yako

Msomaji mmoja wa Kihonda, Morogoro, ameniandikia hivi:

“Fundi, shikamoo. Mimi na mume wangu tumehamia kwetu, ingawa nyumba haijaisha. Dari ya bodi za jipsamu imeshafungwa na kupigwa skimingi, kuta zimepakwa mkono wa kwanza wa rangi ya maji, hela ikaishia hapo. Mikanda ya pembeni, ile ya urembo inayoziba pembe ya ukuta na dari, haijafungwa, na bei ya ufundi tuliyotajiwa imetukatisha tamaa. Kaka yangu yuko Ohio, Marekani, ametutumia video za watu wanaojifungia wenyewe kwa siku moja tu, kwa bunduki ya misumari. Je, na sisi tunaweza? Tununue ya jipsamu, ya povu au ya mbao? Na kwa nini ya sebuleni kwa dada yangu imepata nyufa karibu kila kona, na haina hata miaka miwili?”

Marahaba, dada. Mnaweza. Ila msianzie sebuleni. Anzeni na kile chumba kidogo ambacho mgeni haingii, mkitoka hapo mwende chumba cha pili, na sebule iwe ya mwisho mikono ikishazoea. Mkanda wa kwanza wa kila mtu huwa mbaya. Mimi chumba changu cha kwanza nilikata ncha zote nane za kona asubuhi moja, nikazipanga sakafuni kwa majivuno, nikapanda ngazi, na hakuna hata moja iliyokaa. Zote nilizikata kinyume. Mke wangu alizigeuza kuwa kingo za bustani ya mchicha, na mvua ya kwanza ikazimaliza.

Niseme kwanza kuhusu hizo video, kwa sababu zinapoteza watu wengi. Kaka yako hakukosea kuzituma, ila nyumba za huko si kama zetu. Marekani nyumba nyingi za kuishi zina mifupa ya mbao ndani ya ukuta, vijiti vilivyosimamishwa kila baada ya inchi 16, yaani kama sentimita 40, na juu yake pamefungwa bodi ya jipsamu. Mkanda wao mara nyingi ni wa mbao au MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, na bunduki ya upepo inapeleka msumari mwembamba hadi kwenye ule mfupa. Wewe ukuta wako ni tofali la saruji na lipu. Msumari ule utajikunja kama waya. Tena utawaona kwenye kona za ndani wanakata mkanda mmoja wima, halafu wa pili wanauchonga ncha kwa msumeno mwembamba ufuate umbo la uso wa mwenzake. Wanafanya hivyo kwa sababu mbao husinyaa na kuvimba majira yakibadilika, na kona iliyochongwa vile huficha mwanya. Jipsamu haisinyai kwa mtindo huo, na ukijaribu kuichonga ncha nyembamba itakumegukia mkononi. Kwa hiyo kwenye video chukua jambo moja tu: namna wanavyoulaza mkanda ndani ya boksi la kukatia. Nitalifikia.

Sasa, jipsamu, povu au mbao? Kwa nyumba yako ni jipsamu, na sihitaji kufikiri mara mbili. Dari yako ni jipsamu, gundi yake ni poda ileile ya jipsamu, na makosa yako yote yatazibwa na poda hiyohiyo, kisha rangi ikipita juu hakuna atakayejua. Mbao inataka mkono uliozoea, na mchwa wa Morogoro hawaombi ruhusa. Povu ni jepesi na mtu mmoja anaweza kulifunga peke yake, hilo sikatai, ila lina mambo mawili. La kwanza, gundi yoyote yenye thina ndani yake italiyeyusha, na rangi ya mafuta pia. Unatakiwa gundi yake maalumu na rangi ya maji tu. La pili ni moto: povu huyeyuka, hudondosha matone na kutoa moshi mweusi. Jikoni silipendekezi hata kidogo.

Ukienda dukani, usikubali kupakiwa tu. Mikanda mingi ya kwetu humiminwa kwenye moldi, poda ya jipsamu ikichanganywa na katani. Geuza mkanda uangalie mgongo: unatakiwa uone nyuzi za katani zimesambaa mwanzo hadi mwisho. Palipokosa katani ndipo utakapokatikia. Uguse pia. Mkanda mbichi ni wa baridi, mzito, na ukiugonga kwa kidole hautoi mlio mkavu. Huo ukiufunga utapinda na rangi itabanduka. Kisha chukua mikanda miwili, kutanisha vichwa, uone kama maua na mikunjo inaoana. Moldi mbili za duka moja zinaweza kutofautiana milimita 3, na tofauti hiyo hutaiona dukani, utaiona ukiwa juu ya ngazi. Chukua yote ya moldi moja. Kuibeba, ishikeni watu wawili, mkanda ukiwa umesimama kwa ubavu. Ukibebwa umelala unakatika katikati kwa uzito wake wenyewe. Nyumbani ilazeni sakafuni palipo sawa. Ukiiegemeza ukutani wiki nzima, itajifunza umbo la upinde.

Idadi yake ihesabu kwa kuchora, usihesabu kwa kugawanya tu. Tuseme chumba ni mita 4.2 kwa 3.6, na mikanda ya duka lako ina mita 2.4. Mzunguko ni mita 15.6, ukigawa unapata 6.5, na mtu atakwambia nunua saba. Chora sasa. Kila ukuta mrefu unataka mkanda mzima na kipande cha mita 1.8. Kila ukuta mfupi unataka mkanda mzima na kipande cha 1.2. Mizima ni minne, vipande viwili vya 1.8 vinakula mikanda miwili, na viwili vya 1.2 vinatoka kwenye mkanda mmoja. Ni saba kweli, lakini hakuna hata sentimita ya kukosea. Nunua tisa. Hiyo miwili ya ziada ndiyo ada yako ya shule. Na vile vipande vya sentimita 60 vitakavyobaki kwenye ile ya 1.8 usivitupe, maana navitegemea kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

Kabla ya mkanda wowote kupanda juu, jueni ukuta wenu ukoje. Kona ya nyumba ukiitazama kwa macho utaapa ni mraba. Pima sentimita 60 kutoka kwenye kona upande mmoja, 80 upande wa pili, weka alama, halafu pima kati ya alama hizo. Ikitoka 100 kamili, kona ni digrii 90 na aliyejenga mpelekee soda. Ikizidi 100, kona imefunguka, ikipungua, imebana. Andika kila kona kwa penseli palepale ukutani: “imefunguka” au “imebana”. Yatakusaidia baadaye.

Halafu chukua kipande cha mkanda, kishike kwenye pembe ya ukuta na dari kwa namna kitakavyokaa, kingo zote mbili zikilala vizuri, upige alama ukutani na darini. Mkanda wa kawaida wenye uso wa sentimita 10 unaokaa kwa digrii 45 hushuka ukutani kama sentimita 7 na hutoka darini sentimita 7. Tafuta sehemu ya dari iliyoshuka zaidi, uanzie hapo. Kutoka hapo zungusha usawa chumba kizima kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyo ndani, kisha piga uzi wa chaki. Pima maji ya mkononi ya nusu mita haitoshi kwa ukuta wa mita nne. Pengine dari itaonekana imepanda sehemu nyingine na kuacha nafasi juu ya mkanda. Ikiwa ni chini ya sentimita moja, fuata mstari wako, nafasi utaiziba. Ikizidi hapo, usishindane na nyumba: gawa tofauti kidogokidogo kwa urefu wote wa ukuta. Jicho la mtu haliwezi kuona mteremko wa sentimita moja kwenye mita nne, lakini litaona mara moja mstari mnene wa kuziba.

Kati ya mistari hiyo na pembe, rangi yote itoke. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Poda ya jipsamu haishikani na rangi, inashikana na kilicho chini yake kama itakifikia. Kwangua kwa skrepa, halafu chana lipu kwa ncha ya msumari au panga kuukuu, mistari ya kukatizana kama samaki anayeandaliwa kukaangwa. Darini kwangua bila kuchana sana, usitoboe karatasi ya bodi. Pangusa vumbi, kisha pitisha brashi ya gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Vaa barakoa na miwani, na kabla ya kutoboa popote zima umeme kwenye swichi kuu. Nyaya za nyumba zetu nyingi hushuka wima kutoka darini hadi kwenye swichi, kwa hiyo eneo lililo juu ya swichi na soketi ni la kuheshimu.

Sasa kukata. Kaa vizuri, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Mengine ni nguvu tu.

Unahitaji boksi la kukatia kona, lile la mbao au plastiki lenye mikato ya digrii 45 kulia na kushoto, na msumeno wenye meno madogo. Boksi ni kama kipande cha chumba chako kilichopinduliwa. Sakafu ya boksi ndiyo dari. Ukuta wa boksi, ule ulio upande wa mbali na wewe, ndio ukuta wa chumba. Kwa hiyo mkanda unaingia humo kichwa chini: ukingo utakaogusa dari ulaze kwenye sakafu ya boksi, na ukingo utakaogusa ukuta uegemee ukuta wa boksi, uso wenye maua ukikutazama wewe. Piga misumari midogo miwili au kipande cha ubao kwenye sakafu ya boksi ili kuuzuia usiteleze mbele, kwa sababu mkanda ukilala zaidi au kusimama zaidi kidogo tu, digrii 45 yako si 45 tena.

Ukiupindua kichwa chini, kulia kunakuwa kushoto. Akili ya binadamu haipendi jambo hili. Ninafunga mikanda miaka mingi na bado sikati kwa kufikiri. Nakata kwa kutazama vielelezo. Nakushauri ufanye hivyohivyo. Chukua vile vipande vya sentimita 60, vigawanye, utengeneze vinne: kona ya ndani mkono wa kulia, kona ya ndani mkono wa kushoto, kona ya nje kulia, kona ya nje kushoto. Kona ya ndani ni ile ya pembe ya chumba. Ya nje ni ile inayojitokeza, kama kwenye nguzo au korido. Panda navyo juu, vijaribu kwenye pembe halisi, na kila kinachokaa kiandike mgongoni kwa kalamu nene jina lake, uchore na mshale unaoelekea dari. Usiguse mkanda mzima hata mmoja mpaka vielelezo vinne vimekaa. Kuanzia hapo kila unapotaka kukata, unalaza kielelezo ndani ya boksi, unaona kinafuata mkato upi, unakitoa na kuweka mkanda mahali pake. Hukumbuki chochote, unaiga.

Ipo na njia ya kujihakiki. Kwenye kona ya ndani, ukingo wa ukutani ndio mrefu na wa darini ndio mfupi. Kwenye kona ya nje ni kinyume, wa darini ndio mrefu. Ukiushika mkanda uliokatwa na urefu ukawa upande usiotakiwa, umekosea kabla hujapanda ngazi, na hilo ni kosa la bei nafuu. Vipimo vyote vya ukuta wenye kona za ndani pima na uhamishie kwenye ukingo wa ukutani, maana ndio wenye urefu sawa na ukuta.

Umeshaandika kona zilizofunguka na zilizobana. Kona ikikosea digrii 2, kwa mkanda wa sentimita 10 utapata mwanya wa milimita 3 hadi 4, na huo poda inauziba bila shida. Ikizidi hapo, usikate upya, chukua tupa. Kona iliyofunguka huacha mwanya upande wa dari huku upande wa ukuta umegusana, kwa hiyo kwangua kidogo upande wa ukuta mpaka viingie. Kona iliyobana hugusana upande wa dari na kuacha mwanya ukutani. Kwangua upande wa dari. Jipsamu ni laini kama chaki, mikwaruzo mitano ya tupa inatosha kumaliza ugomvi.

Katikati ya ukuta, mkanda unapokutana na mwenzake, wengine wanakata mshazari. Kwa jipsamu mimi nakata wima, naacha mwanya mwembamba wa milimita 2 ili poda ipite hadi ndani. Viungo vya kuta zinazotazamana visikae mkabala. Kimoja kikiwa upande wa dirisha, kingine kiwe upande wa mlango. Na kiungo kisikae usawa wa taa. Mwanga wa ubavuni unasema kila kitu.

Poda nayo ina tabia zake, na ukizijua hutapoteza mfuko mzima kama wengi wanavyopoteza. Jipsamu, ambayo watu wa madini wanaiita jasi na inachimbwa hapahapa kwetu, Makanya kule Same, Itigi na Kilwa, ni jiwe lenye maji ndani yake. Likipashwa moto linapoteza sehemu kubwa ya maji hayo na kuwa poda. Ukilirudishia maji linayanywa na kurudi kuwa jiwe, vijisindano vyake vikishikana kama vidole. Kwa hiyo poda haigandi kwa sababu imekauka. Inaganda kwa sababu inakuwa jiwe tena, na wakati huo utaisikia inapata joto mkononi. Ukiona inaanza kukaza kwenye ndoo ukaongeza maji ili ilainike, umevunja vile vidole na havitashikana tena. Itakaa ukutani siku mbili tatu, halafu mkanda unakushukia usiku.

Kwa hiyo: maji kwanza, poda baadaye. Tia maji safi kwenye beseni, nyunyiza poda kwa mkono mpaka visiwa vya poda vibaki juu ya maji bila kuzama, iache dakika moja au mbili inywe, kisha koroga taratibu mpaka iwe kama uji mzito unaoshika mwiko. Changanya ya mkanda mmoja tu. Una dakika kama 10 hadi 20, na mkanda unafungwa kwa tatu. Kila baada ya mkanda osha beseni na mwiko mpaka viwe vyeupe vya usafi, kwa sababu masalia yaliyokwisha kuganda yanaiharakisha poda mpya. Siku moja nilidharau, poda ikaganda kabla sijafika kwenye ngazi, na mwiko ukabaki umesimama katikati ya beseni kama bendera. Maji ya uvuguvugu na maji ya chumvi nayo huiharakisha. Ndimu huichelewesha: matone machache kwenye maji yatakuongezea muda, ila jaribu kwanza kwenye kikombe, maana ndimu ikizidi utasubiri mpaka kesho.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya watu wawili, na msitumie ngazi mbili. Tafuteni jukwaa, hata mbao mbili imara juu ya madramu, ili muweze kutembea urefu wa mkanda. Kwenye mstari wa ukutani pigilia misumari ya zege, mmoja kila nusu mita, ikitokeza kidogo. Mkanda utakaa juu yake kama chungu juu ya mafiga. Lowesha kwa brashi kingo za mgongoni mwa mkanda, la sivyo mkanda mkavu utainyang’anya poda maji yake kabla haijaganda. Lowesha kidogo na lipu. Paka poda kwenye kingo zote mbili, kilima cha upana wa vidole viwili, na kwenye ncha inayokutana na mwenzake. Pandisheni, kalisheni juu ya misumari, sukumeni kuelekea kwenye pembe mpaka poda itokeze kwenye mistari yote miwili. Poda isipotokeza, haipo.

Upande wa dari ongeza skrubu. Bodi zako zimefungwa kwenye fremu ya mbao, na mbao hizo utazipata kwa sumaku: itembeze darini, pale inapovutwa kuna skrubu, na palipo na skrubu kuna mbao. Piga skrubu kupitia ukingo wa mkanda, moja kila sentimita 40 hadi 60, kwa kutoboa tundu kwanza, na kaza kwa bisibisi ya mkono ili usiupasue. Ziwe za shaba ya manjano au zilizopakwa zinki. Ya chuma kitupu ikikutana na poda mbichi inapata kutu, na doa la kutu hupenya rangi kila mwaka. Zizamishe kidogo, utaziba juu yake. Kile kilichotokeza kifute na sponji yenye unyevu palepale, kabla hakijawa jiwe. Misumari ya chini iache mpaka kesho ndipo uing’oe.

Anzeni kwenye kona inayotazamana na mlango, mzunguke, mmalizie nyuma ya mlango. Makosa hujikusanya kwenye kona ya mwisho, na nyuma ya mlango hakuna anayeangalia.

Viungo na kona zibeni siku ya pili, mkanda ukishashika. Loweshea, jaza poda kwa kidole hadi ndani, kisha kwa skrepa ndogo fuatisha mikunjo ya maua. Msishangae ikichukua muda mrefu kuliko kufunga. Kila nikiona kazi hii ya kidole na subira huwakumbuka wale mafundi wa zamani wa Lamu waliochonga zidaka, yale mashubaka ya mapambo, kwa chokaa kwenye kuta za nyumba za mawe, bila moldi wala msasa wa duka. Sisi tunapewa maua yaliyokwisha kumiminwa na bado tunalalamika.

Nimebakiza swali la dada yako, na jibu lake huenda lisimfurahishe. Mikanda ikipasuka kona nyingi kwa wakati mmoja, mara chache kosa huwa la mkanda. Angalia juu. Kenchi na fremu za dari zetu nyingi hufungwa kwa mbao mbichi, iliyotoka kukatwa. Inakauka ikiwa juu, inasinyaa, inajinyonga, na bodi zinaifuata. Mabati nayo yanatanuka mchana na kusinyaa usiku. Mkanda umeshikana na dari inayocheza na ukuta usiocheza, kwa hiyo lazima upasuke mahali, na kona ndipo palipo dhaifu, hasa kama fundi alibandika kwa poda tu bila skrubu, au alibandika juu ya rangi. Nyufa za nywele zilizobaki hivyohivyo mwaka mzima, azifungue kidogo kwa ncha ya kisu na kuziba kwa fila ya akriliki inayovutika, ya kupakwa rangi. Akiziba kwa poda zitarudi. Ufa unaopanuka kila msimu ni wa kenchi au msingi, aite fundi wa nyumba kabla ya fundi wa dari. Na kama pembeni ya ufa kuna doa la rangi ya chai, hilo ni bati linavuja.

Ndiyo maana na nyinyi, kama mbao zenu ni za mwaka huu, ningewaomba masika moja ipite kabla ya kufunga. Morogoro mvua za kuanzia Machi hadi Mei zitawaonyesha kila tundu la bati bila malipo. Kama hamwezi kusubiri, basi mstari wa ukutani, baada ya poda kukaza, umalizie kwa fila ile ya akriliki badala ya poda. Utacheza pamoja na dari.

Rangi isiharakishwe. Mkanda na viungo vikauke mpaka viwe vyeupe pe na visiwe na ubaridi ukiweka mgongo wa kiganja. Kiangazi ni siku chache, wakati wa mvua hata wiki mbili. Piga msasa laini, pangusa vumbi lote, mkono wa kwanza uwe rangi ya maji iliyozimuliwa ili ipenye, halafu miwili ya kawaida. Watu huuliza kama mkanda upakwe rangi ya dari au ya ukuta. Kwa chumba kifupi kama vyumba vyetu vingi, upake rangi ya dari. Ukiupaka rangi ya ukuta unaishusha dari machoni.

Lile ua kubwa la katikati, ambalo najua utaniuliza baadaye, msilibandike kwa poda peke yake hata mkishauriwa na nani. Linaning’inia juu ya vichwa vya watu. Hilo hufungwa kwa skrubu hadi kwenye mbao au kwa waya unaopita juu ya fremu, na taa itundikwe kwenye mbao yake, isitundikwe kwenye ua.